Chambo cha Nduaro Hufungwa Mchana

Ukitoka Ruaruke ukashuka mpaka Nyamisati, utaona maji yenye rangi ya matope. Matope hayo yameletwa na Mto Rufiji. Hapo watu wetu huvua kamba, na wengine hutega nyavu katika vijito vya mikoko. Ukipanda chombo kuelekea Mafia, maji hugeuka rangi kidogo kidogo. Lakini bado si bahari kuu. Kati ya Nyamisati na Mafia kina ni makumi ya mita tu.

Bahari kuu iko ng'ambo ya pili ya Mafia, upande wa mashariki. Huko sakafu ya bahari huteremka ghafula, na kina huwa mamia ya mita. Maji yake ni ya buluu iliyokoza kama nili. Humo wamo jodari, papa wakubwa, na samaki tunayetaka kumzungumzia leo, yaani nduaro.

Mwaka mmoja nilikwenda huko na wavuvi watatu katika mashua yenye mashine. Mkubwa wetu alikuwa mzee aliyezoea kazi hiyo. Tulifika jioni. Kulipokuwa giza tuliteremsha mishipi mitatu. Yapata saa tatu usiku mshipi wangu ulitikisika, ukalegea, kisha ukaanza kukimbia. Tulivutana na samaki yule kwa muda mrefu. Halafu mshipi ukawa mwepesi. Niliuvuta wote, sikuona ndoana. Ncha ya uzi ilikuwa imejikunja kama mkia wa kinyonga.

Mzee aliishika ncha ile akaiangalia kwa kurunzi. Akaniuliza, "Mwanangu, fundo hili ulilifunga wapi?"

Nikamjibu, "Nimelifunga hapa hapa, Mzee, tulipofika."

Akasema, "Basi huyu tulimpoteza kabla hajala."

Uzi ukikatwa na meno, ncha yake huwa imechanika. Uzi ukikatika kwa kuzidiwa nguvu, ncha huwa imevutika na kuwa nyembamba. Lakini ncha ikijikunja kama mkia wa kinyonga, maana yake ni moja tu: fundo limeteleza. Nililifunga gizani, chombo kikiyumba, mikono ikiwa imelowa. Ndoana ikapotea na samaki akapotea. Mafuta ya mashine tulikuwa tumekwisha yachoma. Tangu siku hiyo sijafunga fundo usiku.

Nduaro ni samaki gani

Jina la nduaro huitwa samaki kadhaa wenye mdomo mrefu. Wengine husema sulisuli, wengine samsuli. Huku pwani majina haya hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na wavuvi wakikutana huweza kubishana mpaka chai ipoe. Kwa hiyo tumtambue kwa mwili wake.

Samaki wetu ana mdomo wa juu uliorefuka kama upanga. Upanga huo ni bapa. Wenzake, kama mbasi, wana mdomo wa mviringo kama mkuki. Mbasi ana pezi kubwa la mgongoni kama tanga. Samaki wetu pezi lake ni refu kwenda juu lakini fupi kwa upana, wala halikunjiki. Hana mapezi ya tumboni. Akiwa mkubwa hana magamba wala meno. Usimchanganye na papa upanga, ambaye mdomo wake una meno pande zote mbili kama msumeno, na ambaye huishi maji ya kina kifupi na midomo ya mito. Papa upanga amekuwa haba sana. Akiingia wavuni, mrudishe majini.

Nduaro hukua sana. Mkubwa kupita wote waliopata kuvuliwa kwa fimbo na mshipi alivuliwa huko Chile, Amerika ya Kusini, mwaka 1953. Alikuwa na kilo 536. Wengi ni wadogo kuliko huyo, lakini hata mwenye kilo 60 ni mzigo wa watu wawili.

Kwa nini avuliwe usiku

Mchana nduaro hukaa chini sana, mita 400, 500 au zaidi. Huko ni giza na baridi. Ana macho makubwa mno, na karibu na macho hayo ana kiungo kinachopasha joto macho na ubongo. Ndiyo maana anaweza kuona na kuwinda mahali ambapo samaki wengine huzubaa kwa baridi.

Jua likizama, ngisi na samaki wadogo wa kilindini hupanda juu kutafuta chakula. Nduaro huwafuata. Usiku anaweza kuwa mita 30 au 50 tu chini ya chombo chako, na mara nyingine juu kabisa. Kunapokucha, wote huteremka tena. Kwa hiyo mvuvi mwenye mshipi wa mkono hana nafasi ya kumpata mchana, ila usiku.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha mambo haya. Mwaka 1967, katika bahari ya Marekani, chombo kidogo cha utafiti kiitwacho Alvin kilizama na watu ndani yake mpaka mita 600 hivi. Nduaro alikuwa huko chini. Alikishambulia chombo kile, upanga wake ukakwama mwilini mwa chombo, akashindwa kuuchomoa. Wataalamu wakapanda naye juu, wakampika. Ikiwa alichoma chombo cha chini ya bahari, fikiri mwenyewe ubavu wa mashua ya mbao, au paja la mtu.

Ndoana na kipande cha mwisho

Twende sasa kwenye kazi. Kaa kivulini, mchana, chini ya mkorosho au mwembe. Tandika mkeka. Weka vifaa vyako vyote juu yake.

Mshipi mkuu ni wa nailoni, unene wa milimita moja na nusu hivi, urefu wa pima 150 au zaidi. Pima moja ni karibu mita 1 na sentimita 80. Kipande cha mwisho, kile kinachoshika ndoana, kiwe kinene zaidi, milimita 2, urefu pima 5. Kwa nini kiwe kinene? Nduaro hana meno, lakini upanga wake na ngozi yake hukwaruza uzi wakati wa kuvutana. Uzi mwembamba hukwaruzwa mpaka ukakatika. Wengine huweka waya. Mimi nadhani waya ni wa papa. Kwa nduaro hauna faida kubwa, na humfanya asite kula, kwa kuwa macho yake ni makali.

Kati ya mshipi mkuu na kipande cha mwisho, weka kile kichuma kidogo chenye pete mbili zinazozunguka. Chambo kikizunguka majini, kichuma kitazunguka badala ya mshipi. Bila hicho, mshipi mzima hujisokota kama kamba ya usumba, na asubuhi utaukata vipande.

Ndoana iwe kubwa na nzito, jicho lake likiwa limefungika kabisa. Ziko aina mbili. Ya kwanza ni ile ndoana ya kawaida iliyonyooka mguu. Ya pili ni ya duara, ambayo ncha yake imeinama kuelekea mguuni. Mimi napendelea ya duara. Humnasa samaki pembeni mwa mdomo, wala si tumboni. Tena hupunguza kuwanasa kasa. Kasa wanalindwa na sheria, nao hutaga mayai katika fukwe za Mafia. Ukimnasa kasa umepata hasara na yeye amepata hasara.

Pitisha kidole juu ya ncha ya ndoana. Ikikwaruza ukucha bila kuteleza, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa. Ndoana yenye kutu iweke kando, hata kama inakuuma kuiacha.

Sasa fundo. Pitisha uzi katika jicho la ndoana. Ulaze kando ya mguu wa ndoana, ufanye kitanzi. Zungusha upande wa kitanzi juu ya mguu, ukifunika na ule uzi uliolala, mara 7. Kila mzunguko ulale kando ya mwenzake, usipande juu yake. Shika mizunguko kwa vidole. Lowesha kwa mate. Kisha vuta uzi mrefu polepole mpaka kitanzi chote kiingie. Mate ni ya lazima, kwa maana nailoni ikivutwa kavu hupata moto na kupoteza nguvu. Maneno haya peke yake hayatoshi. Mwombe anayejua akuonyeshe kwa mikono yake, nawe ufunge mbele yake mara kumi.

Nailoni ya milimita 2 ni ngumu, na mara nyingine haikubali fundo. Wavuvi wa meli hutumia kibomba kidogo cha madini laini. Hupitisha uzi ndani yake, jichoni mwa ndoana, na ndani ya kibomba tena, kisha hukibana kwa koleo maalumu. Ukikipata kibomba na koleo lake, ni njia nzuri. Usikibane kwa nyundo wala kwa meno, utaujeruhi uzi.

Baada ya kufunga, pima nguvu. Funga kamba nene kwenye shina la mti, tia ndoana katika kamba hiyo. Watu wawili wavute ule uzi kwa nguvu zao zote, huku wakihesabu mpaka 100. Mtu yeyote asisimame mbele ya ndoana wala nyuma yake, kwani fundo likiteleza ndoana huruka kama risasi. Likiteleza hapo, mshukuru mti. Limekugharimu dakika tano tu.

Kushona ngisi

Chambo bora cha nduaro ni ngisi. Ndicho chakula chake cha kila siku. Mwili wa ngisi, bila kichwa, uwe na urefu wa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Awe mpya, ngozi yake ikiwa na madoa na haijageuka nyekundu yote. Ukikosa ngisi, tumia kibua mzima au ukanda mrefu wa nyama ya tumbo la jodari. Ngisi aliyelainika huweza kuokolewa kidogo kwa chumvi ya mawe: mnyunyizie, umweke katika barafu. Chumvi hukaza nyama yake.

Watu wengi humchoma ngisi ndoana mara moja, wakamtupa majini. Kwa changu na chewa inatosha. Kwa nduaro haitoshi, na sababu ni hii. Nduaro hali kama samaki wengine. Kwanza hupiga kwa upanga. Anakata, anaumiza, anazima. Halafu hurudi kula alichokiumiza. Ngisi aliyechomwa mara moja hukatika kichwa kwa pigo la kwanza, au mwili hutoka ndoanani. Nduaro akirudi hula kilichoanguka, akaiacha ndoana yako ikining'inia tupu. Nawe huku juu unangoja mpaka alfajiri.

Kwa hiyo ngisi hushonwa. Utahitaji shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na uzi imara.

Mtazame ngisi. Mwili wake ni kama mfuko. Upande mmoja mfuko una mdomo mpana, na hapo ndipo kilipo kichwa chenye mikono. Upande wa pili umechongoka na una mapezi mawili. Toboa tundu dogo kwenye ncha iliyochongoka. Kabla hujafunga ndoana, pitisha kipande cha mwisho katika tundu hilo, kiteremke ndani ya mfuko, kitokee mdomo wa mfuko karibu na kichwa. Hapo ndipo ufunge ndoana na kupima nguvu kama tulivyosema. Ukiona taabu kumpeleka ngisi mpaka kwenye mti, funga na upime kwanza, kisha umvishe ngisi kwa kupitisha ule upande mwingine wa uzi usio na ndoana. Mimi hufanya hivi.

Sasa vuta uzi taratibu kutoka juu. Mguu wa ndoana utaingia ndani ya mfuko. Acha pindo na ncha vibaki nje, karibu na kichwa. Ncha isifunikwe na nyama, hasa kama ndoana ni ya duara. Ndoana iliyozikwa katika nyama hainasi kitu.

Kisha shona mahali patatu. Pa kwanza ni ile ncha iliyochongoka. Funga uzi kwanza kwenye nailoni kwa fundo la kukaza, halafu pitisha shazia katika nyama upande huu na upande ule, ukaze. Mshono huu humzuia ngisi asiteremke. Akiteremka, hukusanyika juu ya ndoana kama soksi iliyokatika mpira, na hapo huzunguka majini. Pa pili ni mfuko wenyewe, karibu na jicho la ndoana, ili ndoana isicheze ndani. Pa tatu ni kichwa. Kishone na mfuko kwa mishono miwili au mitatu. Hapa usiwe mchoyo wa uzi, maana hapo ndipo upanga hupiga.

Mshike ngisi wako kwa uzi, umburute majini kandokando ya chombo, hapo hapo gatini Nyamisati. Aende moja kwa moja, mikono yake ikipepea nyuma. Kama anazunguka, mshono mmoja umevuta upande. Ufumue, ushone tena. Andaa chambo sita au nane namna hii. Kila kimoja kikunjwe peke yake na uzi wake, kitiwe katika mfuko wa plastiki, kiwekwe ndani ya barafu. Usiku ukihitaji kingine, unaunga tu kwenye kile kichuma.

Jiwe na taa

Chambo chepesi hupeperushwa na mkondo. Lazima kuwe na uzito wa kilo 1 hadi 2. Uufunge kwenye ile pete ya juu, pima 5 juu ya chambo. Chubwi la risasi ni ghali, na likipotea linauma. Jiwe linafaa. Lifunge kwa uzi dhaifu wa pamba, ili samaki akivuta kwa nguvu uzi huo ukatike na jiwe lianguke. Samaki mwenye jiwe shingoni ana kitu cha kujisaidia: akitikisa kichwa, jiwe hupiga na ndoana huchomoka.

Ndugu zetu wa Komoro wana ujuzi wa zamani katika jambo hili. Katika ngalawa zao huvua usiku kwenye kilindi kwa mshipi wa mkono. Hufunga jiwe kwa namna ambayo likishafika chini, mvuvi huvuta mshipi mara moja kwa ghafula, na jiwe huachana na mshipi. Kwa uvuvi huo ndivyo walivyokuwa wakimpata mara mojamoja yule samaki wa kale, silakanti, ambaye wataalamu wa dunia walidhani alikwisha toweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mmoja aliyevuliwa Nzuwani mwaka 1952 alipata sifa dunia nzima.

Nduaro huvutwa na mwanga. Pima 2 juu ya chambo, funga taa ndogo. Wengi hutumia kile kijiti cha plastiki ambacho ukikikunja dawa mbili zilizomo huchanganyika na kutoa mwanga wa kijani. Huwaka usiku mmoja tu. Kikizima, rudi nacho nyumbani, usikitupe baharini. Ziko pia taa ndogo za betri zilizotengenezwa kwa kazi hii. Usidhani unaweza kutia kurunzi katika chupa ya maji ya plastiki ukaizamisha. Kwenye mita 60 maji hukandamiza mara 7 kuliko hewa ya hapa juu. Chupa hubonyea ikawa kama karatasi, na maji huingia.

Meli kubwa za kigeni zinazovua katika Bahari ya Hindi hutumia ngisi na taa kama hizi, ila kwa dhulumati, yaani mshipi mmoja mrefu wa makumi ya kilomita wenye ndoana mia nyingi. Watalii wa Watamu na Malindi, huko Kenya, nao hutoka usiku kumtafuta nduaro kwa fimbo za fahari. Samaki ni yule yule, na chambo ni kile kile.

Kuhesabu kwa vidole

Ukiwa na mishipi mitatu, usiiteremshe kina kimoja. Weka mmoja pima 15, mwingine 30, wa tatu 45. Kwa mita ni hivi:

15 × 1.8 = 27
30 × 1.8 = 54
45 × 1.8 = 81

Usiku hutaona alama ya rangi. Kwa hiyo funga mafundo ya uzi laini juu ya mshipi mkuu ukiwa bado nchi kavu. Kwenye pima 15 funga moja. Kwenye 30 funga mawili yaliyokaribiana. Kwenye 45 funga matatu. Mshipi ukiteremka mkononi, vidole vyako vitasoma. Nduaro wa kwanza akipatikana, andika katika daftari kina, saa, na mwezi ulikuwa wa siku ngapi. Wavuvi wengi huona kazi huwa nzuri zaidi siku za mwezi mpevu, lakini mwezi ukiwa mkali sana samaki hushuka kidogo. Daftari lako la mwaka mmoja litakueleza kuliko mimi.

Mshipi wa mbali na chombo ufunge kwenye dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara, lenye taa juu yake. Samaki akila, dumu litavutwa chini na kuibuka. Hilo dumu linamchosha kwa niaba yako.

Anapokula

Mshipi ukitikisika, usivute kwa ghafula. Huo ni upanga. Subiri. Mara nyingi mshipi hulegea, nawe utadhani ameondoka. Huenda anaogelea kuja juu. Kusanya uzi uliolegea upesi mpaka uhisi uzito, kisha vuta kwa nguvu zilizo sawa, bila kushtua. Ndoana ya duara itajigeuza yenyewe. Mdomo wa nduaro ni laini, na anayevuta kwa hasira huuchana.

Akikimbia, mwachie. Akisimama, vuta. Vaa vidoleni vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Usizungushe mshipi mkononi hata mara moja, wala usisimame juu ya uzi uliolala chini. Uzi wote uingie katika tenga au ndoo. Kisu kikali kiwe mahali ambapo kila mtu anapajua gizani, ili mtu akinaswa uzi ukatwe, samaki aende.

Afikapo ubavuni ndipo hatari huanza. Asiingizwe chomboni akiwa hai. Mwelekeze upanga mbali na watu, apigwe chusa, kisha apigwe rungu kichwani mpaka atulie. Mwenye kurunzi asimame nyuma ya wenzake. Kazi hiyo ni ya watu watatu wenye akili tulivu. Mimi sikushauri uende na mtumbwi, wala uende na chombo kimoja. Ziende mashua mbili zenye mashine, na kila mmoja wenu avae jaketi la kuokolea.

Mkondo haulali

Katika pwani yetu mkondo wa bahari kuu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi. Tuseme unakwenda kilomita 3 kwa saa, nawe umeelea saa 8 ukingoja nduaro.

3 × 8 = 24

Asubuhi uko kilomita 24 kaskazini ya mahali ulipoanzia. Je, mafuta yako yana hizo 24 za kurudi, juu ya zile ulizokuja nazo? Fanya hesabu hiyo Nyamisati, kabla hujanunua mafuta. Miezi ya kaskazi, na siku za matlai pepo zinapobadilika, ndizo afadhali. Sikiliza redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja mpaka pwani yetu, Mafia ikiwa njiani mwake, na tangazo la kuwataka wavuvi wasitoke lilikuwa limetolewa mapema. Tena mwambie mtu nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Taa ya chombo iwake usiku kucha, kwa maana meli ziendazo Dar es Salaam hazikuoni na haziwezi kusimama kwa ghafula.

Ukimpata

Mpasue mara moja, mtoe matumbo na mashavu, acha damu itoke, mjaze barafu tumboni. Jua likimkuta bila barafu, bei inashuka na tumbo la mlaji linaumia.

Jambo moja wanakisomo wenye watoto walijue. Samaki wakubwa wala-samaki, kama nduaro na papa, hukusanya zebaki katika nyama yao kwa miaka mingi. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasile nduaro. Wapatieni dagaa, vibua au kamba wa hapa hapa mtoni.

Mkirudi, suuza mishipi na ndoana kwa maji baridi ya kisima, anika kivulini. Jua kali huivunja nailoni nguvu. Kagua kila kipande cha mwisho kwa kukipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Pakikwaruza, kata, ufunge upya, na urudi nacho kwenye ule mti.